Programu ikiganda na kazi imo ndani: flashi, diski ya nje au wingu?

Mtu aliyepoteza kazi kwenye kompyuta husema neno moja tu, kwamba faili limepotea, na neno hilo huficha hasara mbili zisizofanana. Ya kwanza ni hasara ya dakika: Word imeganda, kipanya hakifanyi kitu, dirisha limepauka, na ukiifungua upya unakuta aya nne ulizoandika tangu ulipohifadhi mara ya mwisho hazipo. Ya pili ni hasara ya faili zima: programu imejifunga katikati ya kuandika kwenye diski, na sasa tasnifu ya kurasa 187 ama haifunguki kabisa, ama inafunguka ikiwa na ukurasa mmoja uliojaa alama zisizosomeka. Kinga ya hasara ya kwanza haisaidii kitu katika ya pili, na kinga ya pili kwa kawaida huwa imechelewa kwa saa kadhaa kuweza kuziba ya kwanza.

Ninafanya kazi ya kuhariri na kupanga kurasa za tasnifu na miswada, na wateja huniuliza kila mara ni njia ipi ya kuweka nakala inayofaa kuliko nyingine. Mimi hupima kila njia kwa maswali mawili. Nakala ya karibuni kabisa ina umri gani: dakika kumi, saa moja, au tangu Ijumaa iliyopita? Na je, kile kilichoharibu faili la asili kinaweza kuifikia nakala hiyo pia? Bei, ukubwa na mwendo wa kunakili vina nafasi yake, lakini huja baada ya hayo.

Uhifadhi wa programu yenyewe

Word ina kipengele cha AutoRecover ambacho, usipokibadilisha, huandika nakala ya muda ya kazi iliyo wazi kila baada ya dakika 10. LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word, nayo ina chake kinachofanya kazi hiyohiyo. Mpangilio huo unaweza kushushwa hadi dakika moja au mbili, na kwa hati ya maandishi matupu kompyuta haitalemewa. Ikiwa hati ina picha nyingi nzito na kompyuta ni ya zamani, dakika tano zinatosha, kwa sababu kila inapohifadhi utaona maandishi yakikwama kidogo.

Ubora wa njia hii ni kwamba haihitaji kumbukumbu yako, haihitaji kifaa na haili bando. Hata hivyo, wengi hupoteza kazi si kwa kukosa AutoRecover bali kwa kutojua kuisoma inapojitokeza. Word ikifunguliwa baada ya kuanguka, upande wa kushoto hutokea safu nyembamba yenye orodha ya mafaili, kila moja likiwa na saa yake, na mara nyingi faili moja huonekana mara mbili: toleo la asili ulilohifadhi mwenyewe, na toleo lililookolewa ambalo huwa ni jipya zaidi. Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake mpakato nikamwona anapeleka kishale kwenye kitufe cha kuifunga safu hiyo kana kwamba ni tangazo la biashara. Nikamwambia, "Kaka, ngoja kwanza, hiyo ndiyo kazi yako ya asubuhi." Tukafungua matoleo yote mawili, tukatazama mwisho wa sura ya tatu katika kila moja, kisha tukahifadhi lile refu kwa jina jipya bila kulifuta la asili. Huo ndio utaratibu salama: usichague kwa kukisia, na usihifadhi juu ya faili la zamani mpaka uwe umesoma yote mawili.

Udhaifu wake ni mkubwa vilevile. Nakala ya muda inakaa kwenye diski ileile ya kompyuta, na faili likihifadhiwa na kufungwa kwa utaratibu wa kawaida, nakala hiyo hufutwa kwa kuwa programu inaona kazi yake imekwisha. Kwa hiyo kosa ulilogundua kesho yake, kwa mfano sura iliyofutwa kwa bahati mbaya kisha hati ikahifadhiwa, AutoRecover haina la kukujibu. LibreOffice ina chaguo la ziada la kutunza nakala akiba kila unapohifadhi, ambapo toleo lililotangulia hubaki na kiambishi cha bak. Ni chaguo zuri ambalo katika matoleo ya kabla ya 24.2 la mwaka 2024 lilikuja likiwa limezimwa, na ni vyema kuhakikisha leo hii kwamba limewashwa.

Flashi

Karibu kila mwanafunzi ana flashi, na karibu kila mwanafunzi huiita nakala yake akiba. Ukimuuliza iko wapi kazi ya asili, mara nyingi utagundua kwamba hakuna nyingine: anafungua faili moja kwa moja kutoka kwenye flashi katika steshenari, anaandika humohumo, anachapisha, anachomoa na kuondoka. Hiyo si nakala, bali ni faili moja tu linalosafiri mfukoni pamoja na funguo na sarafu.

Kuandika moja kwa moja juu ya flashi ndiyo tabia inayoleta mafaili mabovu mengi kuliko zote ninazokutana nazo, na sababu yake inaeleweka. Wakati hati imefunguliwa, Word huweka mafaili ya muda katika folda ileile iliyomo hati, na inapohifadhi huandika faili jipya kisha hulibadilishia jina likae mahali pa lile la zamani. Faili la docx, yaani la Word, lenyewe ni kifurushi kilichobanwa chenye mafaili madogomadogo ndani yake. Programu ikijifunga, au flashi ikichomolewa wakati mabadilishano hayo hayajaisha, kifurushi hubaki nusu, na nusu ya kifurushi kilichobanwa haisomeki kama nusu ya kitabu inavyosomeka. Word ina chaguo la kufungua na kukarabati, nami nimewahi kuokoa maandishi kwa njia hiyo, lakini tanbihi na majedwali mara nyingi hutoka yamevurugika.

Kisha kuna virusi. Yeyote aliyewahi kupeleka flashi katika kompyuta ya umma anakijua kile kirusi kinachoficha folda zote na kuacha njia za mkato mahali pake. Mafaili huwa bado yamo, na fundi anayejua kazi huyafichua, lakini mwenye hofu huifomati flashi kabla ya kuuliza.

Pamoja na hayo siitupi flashi. Ni rahisi, haihitaji intaneti, na kwa kubeba nakala kutoka kompyuta moja hadi nyingine haina mpinzani. Ichukulie kama mjumbe: kazi iwe kwenye kompyuta, nakala ndiyo iende kwenye flashi, na ikifika inakokwenda inakiliwe kwanza kwenye kompyuta ndipo ifunguliwe. Kama nakala ya kukaa kabatini kwa miaka, isitegemewe. Kumbukumbu ya aina hiyo haikutengenezwa kutunza data muda mrefu bila kuguswa na umeme. Na mwenye video asisahau kwamba flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 hukataa faili lolote linalofikia GB 4, hata kama nafasi iliyobaki ni kubwa mara kumi.

Kujitumia barua pepe

Njia hii huchekwa na mafundi, na mimi ninaitetea. Mwenye hati moja anayejitumia kila jioni kwa barua pepe, faili likiwa na tarehe katika jina lake, anapata kitu ambacho flashi haimpi: mfululizo wa matoleo ambayo hakuna programu iliyoganda wala kirusi cha steshenari kitakachoyagusa. Gmail huruhusu kutuma kiambatisho cha hadi MB 25, na tasnifu ya kawaida haifiki hapo. Ubaya wake ni kwamba inategemea kumbukumbu yako, na baada ya miezi mitatu utakuwa na viambatisho tisini vyenye majina kama "sura ya pili mwisho kabisa", ambavyo hata wewe hutajua kipi ni cha mwisho kweli.

Diski ya nje yenye kunakili kwa ratiba

Diski ya nje iliyonunuliwa na kutumiwa kama flashi kubwa haitofautiani sana na flashi. Thamani yake hutokea unapoiunganisha na programu inayonakili yenyewe kwa ratiba. Kwenye Windows programu hiyo imekuwemo tangu Windows 8 na inaitwa File History. Inakuja ikiwa imezimwa, na ukiiwasha hunakili mafaili yaliyobadilika kila saa, au kila dakika 10 ukitaka, na kutunza matoleo ya zamani bila kuyafuta mpaka utakapoiagiza vinginevyo. Kwenye kompyuta za Apple ipo Time Machine tangu mwaka 2007, nayo hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi iliyotangulia, hadi diski itakapojaa. Apple hupendekeza diski yenye ukubwa usiopungua mara mbili ya hifadhi ya kompyuta, na kipimo hicho kinawafaa pia wenye Windows.

Tofauti kati ya njia hizi na kunakili kwa mkono iko kwenye matoleo. Ukinakili kwa mkono kila Ijumaa juu ya nakala ileile, na faili liliharibika Jumatano bila wewe kujua, Ijumaa utakuwa umeifuta nakala nzuri kwa faili bovu, tena kwa bidii. File History na Time Machine zitakupa faili la Jumatano saa tatu asubuhi, kabla halijaharibika. Katika hasara ile ya pili niliyoitaja mwanzoni, hakuna kinga ninayoiamini zaidi ya hii.

Usidhani hasara hiyo huletwa na programu za mitaani peke yake. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha kusambaza sasisho kubwa la Windows 10, toleo la 1809, baada ya watumiaji kadhaa kukuta mafaili yao yamefutwa, yakiwemo ya folda ya Documents, na ikalitoa upya mwezi uliofuata. Kwa aliyekuwa na diski ya pembeni yenye nakala ya jana yake, tukio hilo lilikuwa usumbufu wa jioni moja.

Yapo mambo mawili ambayo mnunuzi wa diski hukutana nayo baadaye. La kwanza, File History hushughulikia folda za kawaida za mtumiaji, yaani Documents, Pictures, Desktop na nyinginezo za namna hiyo. Folda uliyoitengeneza mwenyewe kwenye diski ya D haiguswi mpaka uielekeze. La pili ni mgongano usio na suluhisho kamili. Ili inakili kila saa, diski inatakiwa iwe imechomekwa, lakini diski iliyochomekwa muda wote inaweza kufikiwa na programu za utekaji zinazofunga mafaili kwa siri na kudai fedha, na inaungua pamoja na kompyuta umeme ukirudi kwa kishindo. Mimi huichomeka ninapoanza kazi na kuichomoa ninapoamka mezani, na nakubali kwamba siku nyingine nitasahau kuichomeka.

Kuhusu aina ya diski nitasema kidogo tu: ya sahani zinazozunguka ni nafuu kwa ukubwa uleule lakini haivumilii kudondoka ikiwa inafanya kazi, ya SSD, isiyo na sehemu zinazozunguka, huvumilia zaidi na ni ya haraka. Kwa anayesafiri na diski kwenye begi, tofauti ya bei inalipa.

Wingu

Wingu ni hifadhi iliyo kwenye kompyuta za kampuni, unayoifikia kwa intaneti. Google Drive inatoa bure GB 15, zinazogawanywa na Gmail pamoja na picha; OneDrive GB 5; Dropbox GB 2. Kwa maandishi hata hizo za Dropbox ni nyingi. Faida ya kwanza ya wingu ni umri wa nakala: hati ya Word iliyowekwa OneDrive, kwa mwenye usajili wa Microsoft 365, huhifadhiwa na AutoSave kila baada ya sekunde chache, na Google Docs hufanya vivyo hivyo bila usajili. Programu ikiganda hapo, unapoteza sentensi badala ya ukurasa. Faida ya pili ni kwamba nakala iko nje ya nyumba, hivyo mwizi wa kompyuta hawezi kuichukua pamoja na begi.

Hata hivyo, wingu hueleweka vibaya kuliko njia zote. Folda inayolandanishwa ni kioo cha kompyuta yako: ukifuta huku, kule kunafutwa, faili likiharibika huku, bovu linapandishwa juu ya zima. Kinachookoa ni historia ya matoleo na pipa la taka, na vyote vina kikomo. Mafaili ya kawaida yaliyowekwa Google Drive hutunziwa matoleo ya zamani kwa siku 30 au hadi matoleo 100. Akaunti binafsi ya OneDrive hutoa matoleo 25 ya mwisho. Na pipa la taka la huduma zote mbili hujisafisha baada ya siku 30. Anayeandika utafiti wa miaka miwili, ambaye huenda akakumbuka Novemba sura aliyoifuta Julai, hatakuta kitu.

Suala la mtandao ni zito kwetu kuliko linavyoonekana kwenye maelezo ya kampuni hizi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na mafaili yake kwenye kompyuta na wingu kwa pamoja aliendelea kuandika, na upandishaji ukasubiri. Aliyekuwa ameruhusu OneDrive ibakize majina tu kwenye kompyuta huku mafaili yenyewe yakiwa juu, jambo ambalo huokoa nafasi ya diski, aliona orodha ya kazi zake asiweze kuzifungua. Bofya folda ya kazi kwa kitufe cha kulia uchague ibaki kwenye kifaa daima. Ni hatua ya sekunde tano.

Kuhusu mwendo, piga hesabu mwenyewe kabla ya kulipia nafasi kubwa. Hati ya MB 5 katika mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde huchukua sekunde 20. Video ya GB 10 katika mtandao huohuo huchukua saa 11, ikiwa haukukatika.

Ipi kwa nani

Mwandishi wa tasnifu, mswada au ripoti aanzie kwenye wingu, kwa kuwa kazi yake ni ndogo kwa ukubwa na hasara yake ya mara kwa mara ni ya dakika. Ashushe AutoRecover hadi dakika mbili kwa siku zisizo na mtandao, na kila mwisho wa mwezi aweke nakala yenye tarehe katika diski au katika barua pepe, ili kuvuka ule ukomo wa siku 30.

Mhasibu wa duka au wa chama cha kuweka na kukopa, anayetumia programu ya hesabu yenye hifadhidata yake, asitegemee landanisho hata kidogo. Hifadhidata iliyo wazi huandikwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na nakala iliyochukuliwa katikati yaweza kuwa na ankara isiyo na malipo yake. Programu hizo huwa na amri yao ya kutoa nakala. Aitumie jioni baada ya wote kutoka kwenye mfumo, kisha faili litakalopatikana ndilo lipelekwe kwenye diski mbili zinazopokezana, moja ikilala ofisini na nyingine mahali pengine.

Mpiga picha na mhariri wa video hawana uchaguzi mrefu: diski za nje, tena mbili, na wingu kwa kazi iliyokamilika tu. Ni mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliyeueneza utaratibu wa nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, na ulizaliwa katika fani yenye mafaili mazito kama hayo.

Anayeweza kumudu diski pamoja na wingu atumie vyote viwili, kwa kuwa kila kimoja kina udhaifu pale mwenzake alipo imara. Kwa mwenye uwezo wa kununua kimoja tu, ningesema diski badala ya usajili wa wingu, maana nafasi ya bure ya wingu inamtosha kwa maandishi.

Njia yoyote utakayochukua, irudishe nakala walau mara moja kabla ya kuihitaji. Kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza kazi za watengeneza programu, ilipofuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya tarehe 31 Januari 2017, ilikuta kwamba kati ya njia zake tano za kunakili hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Iliokolewa na nakala ya saa sita zilizopita ambayo mhandisi aliitoa kwa sababu nyingine kabisa. Mimi hujaribu Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa kufungua mafaili matatu ya kubahatisha kutoka kwenye diski, katika kompyuta ya mtu mwingine. Jaribio la mwanzo kabisa lilinionyesha kwamba maandishi yote yalikuwepo ila picha za majalada za miezi minne hazikunakiliwa hata moja, kwa kuwa nilikuwa nimeziweka kwenye diski ya D.